Gitaa moja linalosikika kama mawili: jibu kwa msomaji anayemfuata José González

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mwaka mzima sasa namsikiliza José González, yule Mswidi aliyeimba "Heartbeats". Nina gitaa la nyuzi za nailoni, maiki moja ya kondensa na kompyuta. Nikirekodi, gitaa linavuma kama pipa, vidole vinakimbia, na sauti yangu inatoka kama ya mtu anayelia msibani. Yeye anaimba kwa utulivu kabisa, lakini ndiye anayeniumiza moyo. Nakosea wapi? Na katika albamu zake, nianzie ipi ili nijifunze?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Mambo yako matatu yana mzizi mmoja. Unaitafuta huzuni kooni, na yeye ameiweka kwenye kidole gumba. Mkono wa kulia ukitulia, koo halilazimiki kulia, na maiki inabaki na kazi yake ya kusikiliza. Kwa hiyo tuanze na masikio, twende kwenye mkono, ndipo tufike kwenye sauti na maiki. Hatua ya mkono usiiruke hata kama unatamani kurekodi leo.

Malezi ya huyu bwana yanaeleza mengi kuhusu vidole vyake. Alizaliwa mwaka 1978 Gothenburg, mji wa bandari magharibi mwa Sweden, na wazazi wake ni Waargentina waliokimbia nchi yao jeshi lilipotwaa madaraka mwaka 1976. Alikua akiwasikia waimbaji Silvio Rodríguez wa Cuba na João Gilberto wa Brazil, akajifunza gitaa la klasiki, na ujanani akapiga katika bendi za hardcore, yaani punk kali, za mji wake. Baadaye alikuwa akisomea shahada ya uzamivu (PhD) katika biokemia, masomo aliyoyaacha muziki ulipomchukua. Ukisikiliza kwa makini, yote yamo: kwa Gilberto kuna sauti ya chini isiyotetemeka, kwa klasiki kuna nailoni na vidole vinne vinavyojitegemea, na kwa hardcore kuna mpigo usiolegea. Wengi wanaomwiga huchukua mawili ya kwanza na kuusahau huo wa tatu.

Anza na albamu ya Veneer. Ilitoka Sweden Oktoba 2003, ikafika Uingereza mwaka 2005. Ina nyimbo 11 na haipiti sana nusu saa, kwa hiyo unaweza kuisikiliza yote kwa kikao kimoja. "Heartbeats" imo humo, lakini kabla ya kuisikiliza tena, tafuta wimbo wa asili wa kundi la The Knife, ndugu wawili wa huko huko Sweden, uliomo kwenye albamu yao ya mwaka 2003. Ule wa asili ni wa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, wimbo wa kuchezwa. Gonga mguu kwenye ule wa asili, kisha gonga kwenye wa González. Utagundua ameondoa karibu kila chombo, lakini mwendo haukulala. Mguu wako bado una kazi. Anayeurekodi wimbo huu kwa kuuburuza kama wa maombolezo ameacha kitu kile kile González alichokihifadhi.

(Toleo lake lilipata umaarufu kupitia tangazo la televisheni za Sony la mwaka 2005, lile la mipira 250,000 ya rangi iliyomwagwa kwenye miteremko ya San Francisco. Januari 2006 lilifika nafasi ya 9 kwenye chati ya Uingereza. Ndiyo maana wapo watu wengi wanaomjua kwa wimbo mmoja tu, na wanakosa mengi.)

Sikiliza Veneer kwa spika za masikioni mara tatu, kila mara ukiwa na kazi moja. Mara ya kwanza fuata nyuzi nene tu, yaani gumba. Mara ya pili fuata sauti, ujiulize kila mstari unaanza kabla ya mpigo, juu ya mpigo, au baada yake. Mara ya tatu sikiliza vile ambavyo studio nyingi zingefuta: vidole vinavyoteleza kwenye uzi, pumzi, kiganja kinachogusa nyuzi. Vitu hivyo vinamweka msikilizaji hatua moja tu kutoka kwenye kiti cha mwimbaji. Utasikia pia kwamba mahali pengine sauti yake imewekwa juu ya sauti yake mwenyewe. Hilo tutalirudia.

Baada ya hapo nenda kwenye In Our Nature ya mwaka 2007. Gitaa ni lile lile lakini limekaza zaidi, kuna makofi na miguu inayopigwa sakafuni, na kuna "Teardrop" ya kundi la Massive Attack iliyovuliwa nguo zake zote ikabaki mifupa. Wimbo wa mwisho, "Cycling Trivialities", ni wa takriban dakika nane. Kwa mwanafunzi wa gitaa huo peke yake ni darasa: sehemu kubwa ni kurudia, na kila mzunguko unabadilika kidogo sana. Kisha kuna kimya cha miaka saba na zaidi katika kazi zake za peke yake, ila hakuwa amelala. Alikuwa na kundi lake Junip, na albamu zao za 2010 na 2013 zinaonyesha mkono ule ule ukiwa na ngoma na kinanda pembeni. Vestiges & Claws ya 2015 aliitayarisha mwenyewe, sehemu kubwa nyumbani, na ndiyo ya kwanza isiyo na wimbo wa mtu mwingine. Mwenyewe alitaja miongoni mwa vyanzo vyake muziki wa Brazil wa miaka ya 1970 na bluzi ya jangwani ya Afrika Magharibi. Local Valley ya 2021 iweke mwisho. Humo anaimba Kiingereza, Kihispania na Kiswidi, anatumia mashine ya ngoma na kurudiarudia vipande vilivyorekodiwa, kimoja juu ya kingine. Ni albamu nzuri mno, lakini ukianza nayo utadhani siri iko kwenye vifaa.

Sasa mkono. Unaposema gitaa lake linasikika kama mawili, sikio la Kiswahili lina mahali pa kuanzia. Mwenda wa Bayeke, yaani Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa gumba na kidole cha shahada tu, na hadi leo wapiga gitaa wanaachwa midomo wazi. Mitindo ni tofauti na chanzo ni tofauti, lakini kanuni ni moja: gumba ni mtu, na vidole vingine ni mtu mwingine, na hawa wawili hawasubiriani. Kama umewahi kujaribu gitaa la Katanga, nusu ya kazi umeshaifanya.

Kwa mazoezi, tyuni gitaa lako hivi kutoka uzi mnene hadi mwembamba: D, A, D, F#, B, E. Yaani shusha uzi wa sita kutoka E hadi D, na wa tatu kutoka G hadi F#. Nyingine ziache. Piga zote bila kubonyeza kitu: unapata D iliyoongezwa B na E, sauti inayoning'inia, si ya furaha kamili wala ya kilio. Hiyo tayari ni nusu ya hali unayoitafuta, na hujaimba neno. Angalizo: uzi wa nailoni ukishashushwa hupenda kupanda tena taratibu. Uvute kidogo kwa vidole, subiri dakika 10, tyuni tena. Ukirekodi mara moja tu baada ya kushusha, mwisho wa wimbo utakuwa umetoka kwenye tyuni na hutajua kwa nini.

Kisha chukua kipimo kimoja tu, yaani mzunguko wa mipigo minne. Hesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na". Gumba lipige kwenye namba: uzi wa 6, wa 4, wa 5, wa 4. Vidole vipige kwenye kila "na": shahada uzi wa 3, cha kati uzi wa 2, shahada uzi wa 3 tena, cha pete uzi wa 1. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mipigo) kwenye mipigo 60 kwa dakika, upige dakika 10 bila kubadilisha chochote. Siku gumba litakapopita dakika mbili nzima bila kuteleza, ongeza mipigo 4. Likiteleza mara mbili katika dakika hizo mbili, shusha 8. Ukifika 100 bila mkono kukakamaa, uko tayari kwa wimbo wowote wa Veneer kwa upande wa mwendo.

Sasa sikia tofauti inayofanya muziki. Ile noti ya uzi wa 1 kwenye "na" ya nne, ipige kwa nguvu kidogo kuliko nyingine na uiache ilie hadi ndani ya kipimo kinachofuata. Kwenye "moja" mpya, gumba peke yake ndilo linalogonga. Sikio lilitegemea wimbo ufike kwenye "moja", lakini ulishafika nusu mpigo kabla. Huo mvutano mdogo, ukirudiwa mamia ya mara, ndio unaokupa ile hisia ya mtu anayetembea usiku akiwaza. Ukiipiga noti ile juu ya "moja", kila kitu kinakaa sawa na hakuna kinachouma.

Vidole vyako vinakimbia kwa sababu gumba linafuata vidole badala ya kuongoza. Ukifika kwenye sehemu tamu ya wimbo, vidole vinasisimka na kuliburuta. Dawa yake ni ya ajabu kidogo lakini inafanya kazi: piga gumba peke yake huku ukihesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 50, kisha ukitaja siku za juma kinyumenyume, kisha ukisoma gazeti. Gumba likisimama kila unapofika kwenye neno gumu, bado ni mtumwa wa akili yako. Likiendelea, ongeza vidole. Kuimba kutakuja chenyewe, kwa kuwa kuimba ni rahisi kuliko kusoma gazeti.

Kingine ni kuzima nyuzi nene. Weka ukingo wa kiganja juu ya daraja la gitaa, mahali nyuzi zinapoanzia, kiguse nyuzi za 6 na 5 kwa milimita tatu hadi tano tu. Besi isikike kwa karibu nusu sekunde, kisha iishe. Ukisogea mbele kuelekea tundu, inakufa kabisa na kuwa kama mdundo wa ngoma. Ukirudi nyuma, inavuma na kuifunika sauti yako. Sehemu ya lile "pipa" unalolisikia iko hapa hapa, kabla hata maiki haijawashwa. Kucha za mkono wa kulia ziwe na milimita moja hadi mbili kupita nyama, zilizolainishwa kwa tupa ya kucha. Gumba lipige kwa nyama, siyo kwa ukucha.

Tuje kwenye sauti. González haombi huruma. Anaimba kwa kiasi kile kile cha mtu anayezungumza na aliye mezani pamoja naye, bila kutetemesha mwisho wa neno, na mistari yake ni mifupi, mingine ikirudiwa mara kadhaa. Wewe unasukuma. Jaribu hivi: sema mstari wako wa kwanza kama unavyomwambia mtu jambo la kweli, kisha utafute kwenye gitaa noti ambayo sauti yako imekaa. Sogeza kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) hadi noti kuu ya wimbo iwe juu ya hiyo kwa nusu toni tatu au nne tu. Wanaume wengi huimba juu mno kwa sababu wamefuata kapo ya rekodi ya mtu mwingine. Ukiwa juu, koo hubana, na koo lililobana ndilo linalosikika kama kilio. Mwisho wa mstari, kata neno. Usiliteremshe likiporomoka.

Ukitunga kwa Kiswahili, na nakushauri utunge, zingatia kwamba maneno yetu yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na yanaishia na irabu. Chukua neno "nimerudi". Ukiweka "ru" juu ya "moja", neno linakaa kama wimbo wa shule. Liweke "ru" kwenye "na" ya nne, pamoja na ile noti ya uzi wa 1, na "di" ianguke kimya gumba likigonga. Neno zima linakuwa limefika mapema na kutua polepole. Irabu ya mwisho usiivute. Kiswahili kinatushawishi kuivuta kwa sababu ni tamu, na katika taarabu ni pahali pake, ila kwenye mtindo huu inafungua mlango wa kile kilio.

Kurekodi sasa. Gitaa linavuma kwa sababu, nina hakika, umeelekeza maiki kwenye tundu. Hapo ndipo hewa ya ndani ya gitaa inapotoka, na sanduku la gitaa la klasiki lina mvumo wake wa asili karibu na hezi 100. Weka maiki sentimita 25 kutoka kwenye freti ya 12, mdomo wake ukitazama mahali shingo inapokutana na sanduku. Ikisikika nyembamba, sogeza sentimita tano kuelekea tundu. Ikivuma, rudi. Usiikaribishe chini ya sentimita 15, kwani maiki za kondensa za upande mmoja huongeza besi kila zinapokaribiana na chanzo.

Chumba kiangalie kabla ya kifaa. Piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi wa kutetemeka kama bati, kuta zako tupu zinarushiana sauti. Tundika godoro nyuma ya kiti chako na blanketi nene mbele, kaa mbali na pembe, na usikae katikati kabisa. Zima feni na friji. Chini ya paa la bati, mvua ikianza acha kazi. Hakuna programu itakayoitoa mvua ikabakiza nailoni. Nyumba nyingi hupata utulivu kati ya saa nane na saa kumi usiku, jogoo hajaanza na magari yamelala.

Kwenye kompyuta, chagua biti 24. Rekebisha kiwango hadi mpigo wako mkali kabisa ufike desibeli -12, siyo zaidi. Watu wanaogopa rekodi ndogo, wanapandisha, na ukucha mmoja uliokolea unaharibu dakika tatu. Kwa kuwa una maiki moja, fuata mpangilio huu. Rekodi kwanza gitaa na sauti pamoja kama mwongozo tu, pamoja na metronomu. Halafu ukiwa umevaa spika za masikioni zilizofunga vizuri, rekodi gitaa peke yake ukisikiliza mwongozo, mdomo umefungwa. Halafu sauti, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, ukiwa na soksi nyembamba ya nailoni iliyotandikwa kwenye waya wa hanga mbele yake ili "p" na "b" zisilipuke. Ukiruka mwongozo na kuanza na gitaa tupu, mkono unakuwa mgumu, kwa sababu haujui mstari unapumua wapi.

Ile sauti juu ya sauti niliyoitaja inapatikana kwa kuimba mara ya pili kikweli. Kunakili faili hakukupi kitu, sauti inakuwa kubwa zaidi tu. Imba tena wimbo mzima, shusha rekodi ya pili desibeli 6 hadi 8 chini ya ya kwanza, na uzime "s" na "t" za mwisho kwenye hiyo ya pili, maana zikigongana zinasikika kama kigugumizi. Ukigundua huwezi kuimba mara mbili kwa namna moja, rudi kwenye mazoezi ya gazeti: mwendo bado haujakaa.

Kuchanganya kuna mambo machache. Kata sauti zilizo chini ya hezi 60. Wengi hukata kwenye 80 kwa mazoea, lakini uzi wako wa sita sasa ni D, iliyo karibu na hezi 73, na utakuwa umeifuta. Gitaa likibaki na mvumo, punguza desibeli mbili au tatu kati ya hezi 100 na 200. Kompresa, ile inayoshusha vilele vya sauti, iwe ya 2 kwa 1, ishushe desibeli tatu tu kwenye vilele. Mwangwi mfupi, chini ya sekunde moja, uwe mdogo kiasi kwamba unauona ukiuzima, siyo ukiuwasha. Kuhusu programu za kuondoa kelele, mkia wa noti ya nailoni na kelele ya chini ya chumba viko jirani mno. Ukiondoa kimoja unang'oa na kingine, na gitaa linabaki kama lililopigwa ndani ya glasi. Acha kelele kidogo ikae.

Na kabla hujanunua maiki nyingine, kaa kwenye kiti chako bila gitaa, rekodi dakika moja ya kimya, isikilize kwa sauti kubwa. Mara nyingi kinacholia ni mguu wa kiti.